Kifuniko cha Ulanga

Mwaka wa tatu baada ya vita vya Maji Maji, katika duka la Bashiru hapa Songea palikuwa na kitu cha bati ambacho hakuna mteja aliyekijua. Kilifika kutoka pwani ndani ya sanduku la mabakuli, bila kuagizwa na mtu. Kilikuwa kama kasha lisilo na ukuta wa mbele. Kuta zake za ndani zilipakwa rangi kama vigae vya buluu. Katikati palikuwa na kisanduku cheusi chenye bomba la moshi na mlango, na ukiufungua mlango ulikuta moto, lakini ni moto uliochorwa juu ya bati. Juu ya kisanduku palikaa visufuria vitatu vya kuenea kiganjani, kila kimoja na kifuniko chake.

Bashiru alikuwa mtu wa Kilwa na alikuwa na maelezo ya kila kitu.

"Hii ni sampuli," aliniambia. "Mzungu akitaka kujengewa jiko, hutumiwa kwanza mfano mdogo."

"Na hao wanaopikia moto wa rangi, wanakula nini?"

"Wanakula rangi, Daimu. Hujaona nyuso zao zilivyo nyekundu?"

Mimi nilikuwa fundi bati, kazi niliyojifunza Lindi kabla ya vita, na bati halikunificha mambo mengi. Niliona kuwa kingo zote za kasha lile zimekunjwa kwa ndani na kugongwa mpaka zikalala, ili zisikate vidole. Fundi hahangaiki hivyo kwa ajili ya mtu mzima. Nilijua kwamba ni kitu cha kuchezea mtoto. Tulipatana nimzibie Bashiru taa zake zilizokuwa zikivuja, nikalichukua.

Mtoto wa kumpa nilikuwa naye. Aliitwa Chiku, binti wa dada yangu Mwamvua. Mwamvua aliolewa na Mngoni wa Mshangano, na mume huyo alikuwa mmoja wa walionyongwa bomani baada ya vita. Kisha ikaja njaa. Mwamvua alikimbia na watoto wawili mpaka Lusewa, akafia huko, na mtoto wake wa kiume, Bakili, akafa pia. Chiku alibaki kwa watu wasio ndugu zake, wakawa wanampokezana. Nilipopata habari na kumfuata alikuwa na umri wa miaka kama saba.

Kwetu Wayao mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa Wangoni mtoto ni wa baba, hasa ng'ombe wa mahari wakishatolewa. Mzee Pankrasi, babu yake mzaa baba, alikuja kutoka Mshangano, akamtazama mtoto alivyokonda.

"Mkwe," akaniambia, "sitaki ugomvi. Mtoto asiyekula chungu cha nyumba si mtoto wa nyumba hiyo. Mahindi mapya yakikomaa nitarudi. Nikimkuta anakula kwako, abaki. Nikimkuta hali, nitaondoka naye."

Nilikubali upesi. Nilidhani nimepewa sharti jepesi.

Chiku hakula. Niseme sawasawa: alikula muhogo wa kuchoma, ndizi, mahindi ya kuchoma na karanga mbichi. Kilichotoka chunguni hakukigusa. Mke wangu Biasha alikuwa mpishi wa kusifiwa na mtaa mzima, na jambo lile lilimuumiza kuliko alivyokubali kusema. Alijaribu wali wa nazi iliyokuja na msafara, alijaribu kuku, alijaribu uji wa ulezi wenye asali. Tulimwita mwalimu akamsomea. Mtoto alisikiliza kisomo kwa adabu, kisha akaenda kuchimbua kiazi akakifukia majivuni.

Nakumbuka jambo moja tu lililotokea siku ya kwanza. Chiku alipofika alikwenda moja kwa moja jikoni akafunua chungu. Biasha alimgonga mkono kwa mwiko, si kwa nguvu.

"Mtoto wa kike hafunui chungu cha watu," alimwambia. "Utaitwa mlafi, na mimi nitaitwa mama wa mlafi."

Ndivyo kila mwanamke alivyomfunza binti yake, nami sikuona kosa. Tangu hapo Chiku hakukanyaga jikoni. Alishinda karakanani kwangu akiokota vipande vya bati na kuvipanga kwa ukubwa.

Nia yangu ilikuwa azoee vyungu kwa mchezo. Lakini jiko la dukani lilikuwa jiko la nchi nyingine, na mtoto wetu angeona kitu kile kama Bashiru alivyokiona. Basi nilianza kulibadilisha. Nilikitoa kisanduku cheusi na bomba lake. Nilikwangua vigae vya buluu, nikasiriba kuta kwa udongo mwekundu, na kwa juu nikapaka masizi kama jikoni kwa watu. Nilichonga kinu cha mninga chenye urefu wa kidole, na mchi wake. Nilisuka na ungo.

"Mwanamume mzima unasuka ungo wa panya," Biasha alisema akipita.

"Panya naye ana haki ya kupepeta."

"Basi mwombe akupikie."

Mwisho nilishuka mto Luhira nikachagua vijiwe vitatu vinavyolingana, viwe mafiga. Kazi ilichukua siku nane, nikimficha Chiku asiione, na ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Mafundi wenzangu walikuja kuitazama. Siku ya kuipeleka nyumbani niliogopa vile vijiwe visije vikapotea njiani, nikavitia ndani ya kisufuria kikubwa na kukifunika.

Ilikuwa alasiri. Biasha alikuwa uani akichambua mboga. Niliweka jiko mbele ya Chiku. Aliligusa, akatia kidole katika kinu, akachungulia masizi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka, bila sauti. Nikamwonyesha kisufuria.

"Funua," nilisema.

Alimtazama Biasha kwanza. Kisha alifunua.

Hakulia. Alivitazama vile vijiwe, akarudisha kifuniko taratibu, akakisukuma kisufuria kwangu.

"Mjomba," alisema, "haya hayaivi."

"Ni mafiga hayo, mwanangu. Hayaliwi."

"Mama aliyapika. Alifunika, akasema laleni, yakiiva nitawaamsha. Mimi nilifunua, nikayaona. Bakili hakuyaona." Alikisukuma kisufuria mbali zaidi. "Bakili alilala."

Alisimama akaenda karakanani. Vile vijiwe nilivirusha nje ya ua. Biasha aliendelea kuchambua mboga, majani mazima akiyatupa na yaliyooza akiyaweka bakulini, mpaka alipogundua akaanza upya.

Jioni nilimwambia, "Mwache afunue vyungu vyako, basi."

"Leo atafunua kwangu, kesho kwa jirani. Watasema ni wa kwangu mimi nisiyejua kulea. Wewe hupiti kisimani, Daimu. Hujui wanawake wanavyosema."

"Mwezi ujao Pankrasi anakuja."

"Najua anakuja."

Sikumlazimisha. Chungu ni cha mwanamke. Nilirudi kwenye bati, kwa sababu ndilo nililolijua.

Safari hii nililitengeneza jiko lile lipike kweli. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kwanza. Visufuria vya dukani viliungwa kwa risasi, na risasi huyeyuka juu ya moto. Chungu kikipungua maji tu, kitako hudondoka. Nilikifungua kile kikubwa, nikakata kitako kipya, nikakikunja ukingo mara mbili na kuugonga mpaka ukashika maji bila risasi hata tone. Sakafu nilitia udongo mzito wa kichuguu. Mafiga nilifinyanga kwa udongo huohuo, nikayashikiza, yasiweze kutoka wala kufanana na kitu cha kutiwa chunguni.

Kifuniko ndicho kilichonichukua siku nyingi. Nilikuwa na kipande cha ulanga kilichobaki nilipotengeneza taa za bomani. Ulanga ni jiwe linalobanduka kama karatasi. Unaona upande wa pili kama kwenye kioo, lakini moto hauupasui. Nilitoboa kifuniko katikati, nikauweka ulanga, nikaubana kwa pete ya bati. Likawa dirisha dogo. Mtu angeweza kuona kilichomo bila kufunua.

Niliweka jiko karakanani, nikatia maji, maharage machanga kiasi cha ngumi ya mtoto na punje ya chumvi, mbele ya macho ya Chiku. Nikafunika, nikawasha vijiti. Alisogea akalala kifudifudi, kidevu juu ya mikono. Ulanga uliingia ukungu, akaniangalia. Nikamwambia asubiri. Maji yalipochemka matone yalitiririka, na maharage yakaonekana yakipanda na kushuka. Aliyaangalia mpaka vijiti viliponiishia nikaenda kutafuta vingine. Yalipoiva aliyamimina kiganjani, akapuliza, akala yote. Kisha akalamba kifuniko.

Tangu siku hiyo alipika kila mchana, alichokiweka mwenyewe chunguni. Chakula cha Biasha hakukigusa bado.

Mahindi yakakomaa. Mzee Pankrasi alifika pamoja na mwanawe Hironimus, baba mdogo wa Chiku, mtu wa maneno mengi. Chiku alikuwa uani na jiko lake, maharage yakichemka. Akawaamkia, "Shikamoo babu, shikamoo baba mdogo," akarudi kwenye moto.

"Marahaba. He! Baba, tazama," Hironimus alisema. "Wayao hawa wamejenga nyumba ya sungura, wanampikia ndani."

"Kaa chini, shemeji," nilimwambia. "Wewe ukila humo utashiba kidole."

"Nikila humo nitakumeza na chungu chenyewe."

Chiku alitoa maharage yake, akayagawa kwenye visahani viwili vilivyokuja na jiko, akampelekea babu kimoja kwa mikono miwili, akala cha pili. Mzee alikula kwa ncha za vidole. Hakucheka.

"Yameiva," alisema. Akanipa mimi kisahani. "Mkwe, mikono yako ina akili, hilo nimeliona. Lakini hiki ni chungu cha mtoto. Mimi nilisema chungu cha nyumba. Anakula cha nyumba?"

Ningeweza kudanganya. Hironimus alinitazama, na hata yeye hakuwa na mzaha.

"Bado," nilisema.

"Basi tukubaliane kama tulivyokubaliana." Aliweka fimbo magotini. "Chiku, nenda kachukue nguo zako."

Chiku aliweka chini kisufuria chake. Hakwenda kuchukua nguo, wala hakukataa. Alianza kuvikusanya vitu vyake vya bati, kinu, mchi, ungo, akivitia katika kasha.

Biasha alikuwa jikoni, na jiko letu lilikuwa wazi upande wa ua, wote tukimwona. Chungu kikubwa cha maharage ya wageni kilikuwa mafigani, kimefunikwa.

"Chiku," aliita. "Njoo hapa."

Mtoto alikwenda mpaka mlangoni akasimama.

"Funua."

"Ala!" Hironimus alisema. "Shemeji Biasha, mtoto wa kike afunue chungu mbele ya wakwe?"

"Chungu ni changu, shemeji. Ukiona aibu, tazama barabarani."

Chiku aliutazama mwiko uliokuwa mkononi mwa Biasha. Biasha naye akautazama, kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Akaugeuza, akampa mtoto kwa upande wa mpini.

"Koroga. Mpaka chini."

Chiku alifunua. Mvuke ulimpiga usoni, akangoja upungue. Kisha alizamisha mwiko wote akakwangua kitako cha chungu, upande hadi upande, polepole, kama mtu anayetafuta kitu kisimani. Tulisikia mti ukikwaruza udongo. Mzee Pankrasi aliinuka nusu ili aone, maana hakujua mtoto anatafuta nini, na hakuna aliyemweleza. Chiku aliinua mwiko, akatazama yaliyomo, akayamwaga. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne alipuliza akaonja.

"Hayajakolea chumvi," alisema.

Mtaa mzima haukuwahi kumwambia Biasha neno kama lile. "Basi tia," alijibu, akamsogezea kibuyu cha chumvi.

Alitia, akakoroga, akajipakulia bakuli la kwanza kabla ya wageni, akakaa kizingitini akala. Alipomaliza alirudi akafunua tena akachota. Hironimus alitazama barabarani kama alivyoambiwa. Mzee Pankrasi alikula chake, akanawa mikono, akachukua fimbo.

"Sharti ni sharti, mkwe," alisema. "Nitakuja kumsalimia baada ya mavuno."

Alikuja, na miaka mingine yote mpaka alipofariki.

Chiku alikua kwetu hadi alipoolewa Mfaranyaki. Miaka yote hiyo hakuna chungu kilichowekwa mezani au mkekani kwetu asichokifunua kwanza na kukikoroga mpaka chini, hata siku za sikukuu, hata mbele ya watu wakubwa. Wageni walituona tumelea vibaya. Biasha aliwaona wanavyotazamana, akaendelea kupakua, naye hakuwaeleza.