Vipande Viwili Nyuma ya Mzinga

Kitendawili! Naamini umejibu tega, hata kama ni moyoni. Nyumba yangu ina vyumba elfu, na fundi aliyeijenga hana rula wala timazi. Umeshindwa? Ungenipa mji, lakini leo nakusamehe: ni sega la nyuki.

Nyuki ninao. Wako juu ya paa letu hapa Mji wa Kale, mizinga miwili. Mmoja ni sanduku la mbao, na kundi lake lilikuja lenyewe likatua kwenye dirisha la jirani. Wa pili ni gogo. Hilo gogo marehemu mume wangu, Tsofa, alilichonga kwao Kaloleni, akalileta na nyuki ndani, limefungwa kwa kanga yangu mpya, nami nimenuna njia nzima. Majirani walilalamika mwaka wa kwanza. Asali ilipowafikia milangoni mwezi wa Ramadhani, wakaanza kusema "nyuki wetu."

Tsofa alipofariki, gogo alilirithi Nyevu, mjukuu wetu. Nyevu ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo pale Kilindini. Kutwa ana karatasi za makontena, jioni anapanda paani na daftari lake. Sijaona mtu mwenye jicho kama lile. Atakaa robo saa mbele ya mlango wa mzinga, kisha aniambie, "Hawe, leo wanaleta chavua ya mwarobaini." Hawe ni bibi kwa Kigiriama chetu.

Mwaka jana aliona utitiri. Si ule wa kuku. Huu ni mwekundu, bapa, sawa na kichwa cha pini, umemganda nyuki unamnyonya. Khubaib, kijana wa nyumba inayotazamana na yetu, ni baharia. Akamletea dawa kutoka ng'ambo: vipande viwili vya plastiki, virefu kama rula, vimetiwa dawa.

"Siku arubaini na mbili, dadangu, kisha uvitoe," alimwambia. "Aliyeniuzia kalisema mara tatu."

"Na wewe umelisema mara ngapi?"

"Hii ya nne. Nyuki wakifa usije ukanifuata bandarini."

Nyevu akaviweka kwenye gogo, kwa kuwa ndilo la babu yake. Akaandika tarehe. Siku ya arubaini na mbili akavitoa, akavifunga kwa gazeti, akaviacha kando ya pipa la taka.

Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Nilivikuta asubuhi. Nikavifungua, nikaviona vizima, havijapungua hata ukucha. Sasa mimi kanga zangu zote, tangu ile ya kwanza niliyonunua Biashara Street, nimezihifadhi sandukuni kwa naftalini. Na naftalini huitoi. Waiacha humo mpaka iishe yenyewe. Nikasema, watoto wa siku hizi! Dawa nzima inatupwa? Nyevu alipokwenda kazini nikawasha makumbi ya nazi, nikafukiza moshi, nikafungua kifuniko cha nyuma cha gogo kama Tsofa alivyonifundisha, nikavisukuma ndani mpaka mkono ukazama kiwikoni. Nikateremka ngazi nikiimba.

Ikapita miezi minne. Nyuki wa gogo wakaanza kutambaa sakafuni, wanatetemeka, hawawezi kuruka. Nyevu akachungulia kwa mlango wa mbele. Majana, wale watoto wa nyuki, walikuwa wachache, mmoja hapa mwingine kule, sega lina mapengo kama kinywa changu. Malkia alikuwepo, lakini anataga kama mtu aliyesahau kazi yake.

Nyevu akachota kikombe cha nyuki kutoka kila mzinga, akawatikisa chupani na sukari ya unga. Utitiri huteleza kwenye ule unga, ukaanguka, ukahesabika. Nyuki wakarudi makwao weupe kama waashi.

"Gogo, mmoja," alisema. "Sanduku, kumi na tisa. Hawe, haliingii akilini. Wenye utitiri ni wazima, wasio nao wanakufa!"

Akaniita nitazame wale wa sanduku. Nyuki mmoja alikuwa akicheza mwili wote, na mwenzake amempanda anamkwangua mgongoni kwa meno, mpaka mdudu akang'oka. Hakuna aliyewapa dawa hao. Kitu kidogo vile, kumbe kina nduguye wa kumkuna asipofika mwenyewe.

"Basi ni ugonjwa," Nyevu akasema. "Jumamosi nitalichoma gogo, kabla halijaambukiza sanduku." Alisema hivyo huku akilipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

Nikajua. Siku mbili nikalikwepa paa. Kusema ningeonekana mjinga, tena muuaji. Kunyamaza, kazi ya mikono ya Tsofa ingekuwa majivu. Ijumaa jioni nikapanda paani.

"Nyevu, kitendawili."

"Hawe, leo sina moyo huo."

"Jibu tu."

"Haya, tega."

"Mlinzi alifukuza wezi. Mwenye nyumba akamuaga vizuri. Bibi kizee akamrudisha kwa mlango wa nyuma."

Akalitazama gogo, akanitazama mimi.

"Vile vipande?"

"Vile vipande."

"Viko humo mpaka leo?"

"Mpaka leo, mwanangu. Nilidhani ni kama naftalini."

Nilingoja kelele. Nyevu akaketi sakafuni, akajifunika uso, mabega yakatikisika. Alipoinua kichwa, machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka.

"Kumbe si ugonjwa! Hawe, kumbe si ugonjwa!" Kisha akasema, "Na mimi nilikosa. Niliiacha sumu kando ya pipa bila kukwambia ni sumu."

Jamani, nani angesema hivyo? Mimi nisingesema.

Alivitoa jioni ileile. Nikafikiri tumemaliza, akatikisa kichwa. "Dawa hii yapenda nta. Imeshaingia ndani ya masega, na majana wanalelewa humo humo. Lazima wahame nyumba."

Jumamosi, badala ya kiberiti, akaja na sanduku jipya lenye pau safi za kuning'inizia masega. Akalisimamisha gogo wima, akaweka sanduku juu ya mdomo wake, akaziba nafasi kwa vitambaa.

"Sasa Hawe, gonga ubavuni. Mdundo mmoja, usibadilishe. Wakisikia hivyo hupanda juu."

Nikagonga kwa mpini wa mwiko. Tu, tu, tu. Mkono ukauma, ukafa ganzi, nikaendelea. Adhabu yangu niliiona ndogo. Baada ya kama nusu saa nikasikia mvumo ndani ya gogo, kama mvua ya mbali, nao wakaanza kupanda, wamebebana bega kwa bega. Nyevu akafunua pembe ya kitambaa, akachungulia.

"Yule. Malkia. Anapanda kwa miguu yake."

Masega ya zamani aliyatoa yote, na asali yake. Nilimwomba tonge la nta ya kupaka uzi, akaninyima. Hakuna aliyelamba hata kidole. Gogo tupu akalikwangua, akaliosha, akalianika, na liko paani mpaka leo likingoja kundi likue.

Wiki mbili hatukujua kama watapona. Nyuki wengine bado walikufa, nikawafagia kila asubuhi nikiwaomba radhi. Wiki ya tatu Nyevu akainua pau moja kuelekea jua. Sega jipya, jeupe. Mimi sikuona kitu, macho haya! Akalipiga picha kwa simu, akaikuza, akanipa. Katika kila chumba, yai moja limesimama wima, kama punje ya mchele. Safu kwa safu, bila pengo.

"Anataga, Hawe."

Nikamkumbatia na moshi wake wote.

Naftalini bado naiweka kwenye kanga zangu. Lakini kila kitu kingine kinachoitwa dawa humu ndani, hata ya kikohozi, nimemwomba Nyevu akiandikie tarehe ya kutoka, kwa herufi kubwa.