Dakika ya Nne ya Ukimya

Jana usiku jiwe liliniita ofisini. Ni lile la kumbukumbu mbele ya hospitali yetu, litakalofunuliwa leo saa nne asubuhi kuwaenzi wahudumu wa gari la wagonjwa waliofukiwa na maporomoko mwezi wa tatu. Katika ndoto limekaa kwenye kiti cha mapokezi, limejifunga kile kitambaa chake cheupe kama kanga, na linaniuliza kama nimekuja na kadi ya kliniki.

Nikaliambia mimi si mgonjwa, mimi ni Lusajo, muuguzi wa dharura wa hapahapa.

"Najua," likasema. "Mgonjwa ni mimi. Hapa panauma."

Linanionyesha chini ya jina la tatu. Ni mahali patupu, pamesuguliwa vizuri, na panapanda na kushuka kama kifua. Nikavaa glavu, nikapapasa. Palikuwa na homa kali. Nilijua ni jina gani linalokosekana pale, na nilijua nani aliyelikosesha.

Niseme tu, maana nimechoka kulibeba. Mimi na mwenzangu Subilaga tulikuwa na mtindo wetu, na wala si sisi peke yetu, hospitali nzima ndivyo inavyoishi: anayelifikia daftari la mahudhurio kwanza anamsainia na mwenzake. Asubuhi ile tulikuwa tunamaliza zamu ya usiku, simu ikaingia kwamba mlima umeshuka juu ya nyumba za watu. Subilaga hakuuliza ni zamu ya nani. Aliruka ndani ya gari pamoja na wale watatu walioingia zamu. Mimi nilikuwa hoi. Nikaenda kwenye daftari, nikatusainia kutoka wote wawili, saa moja kamili, nikaenda zangu kulala. Mlima ukashuka mara ya pili, ukalifukia gari.

Kamati ya jiwe la kumbukumbu ikasoma daftari. Wanaoandikwa kwenye jiwe ni waliofia kazini, na daftari lilisema Subilaga alishatoka. Mtaani wakamalizia wenyewe, eti alidandia gari akashangae. Mama yake alinifuata mpaka nyumbani, akaniuliza zamu ilikuwa imekwisha, mwanawe alifuata nini kule. Nikamjibu sijui. Kughushi daftari ni kufukuzwa kazi, na mimi ni mwoga, sifichi.

Haya, turudi ndotoni. Nageuka hivi, mapokezi hayapo, niko uwanjani kwenye sherehe na chini ni tope tupu. Mwenyekiti wa kamati ni kipaza sauti kilichovaa tai. Majina yamelazwa kwenye mikeka, nacho kinayafunga kadi za rangi, vilevile tunavyowafunga majeruhi kwenye maafa: nyekundu ahudumiwe haraka, nyeusi aachwe. Jina la Subilaga kimelifunga nyeusi.

"Hili linapumua," nikasema.

"Linapumua nje ya zamu," kikajibu, kikaendelea na kazi.

Wageni wakaombwa wasimame. Ikaletwa kreti ya soda, ndani mna chupa tatu, na kila chupa ina dakika moja ya ukimya. Kipaza sauti kinazifungua moja moja. Kila chupa ikifunguka, jina moja linatulia, linainuka kwenye mkeka na kwenda kujilaza juu ya jiwe. Nikaona ni utaratibu mzuri. Halafu nikaona chupa ya nne haipo.

Kwa hiyo Subilaga hakunyamaza. Redio ya gari ikaanza kukoroma chini ya miguu yangu.

"Lusajo, nasikia unapita huko juu. Mlango umebana."

Nywele zikanisimama. Nawauliza wageni kama wanasikia, wanapiga makofi. Bibi mmoja wa kamati ananieleza kwa upole kwamba ile ni sauti ya raia wa kawaida na haimo kwenye ratiba. Redio inaita tena, inaita jina langu tu, haitaji la mwingine yeyote.

Nachimba kwa mikono. Kucha zinang'oka, naziweka mfukoni nisizipoteze. Nakuta kioo cha gari, na nyuma ya kioo ni yeye, sare yake safi, tope limemfika kifuani. Hana hasira hata kidogo. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia.

"Kaka Lusajo," anasema, "daftari linasema saa moja nilishaondoka. Mama ameweka chai. Mbona sifiki?"

Nikafungua mdomo kuomba radhi, tope likaingia, nikalimeza.

Daftari la mahudhurio likaja likitembea kwa majalada yake, polepole, kama mtu mwenye vigimbi vya mguu vinavyouma. Likajifunua ukurasa ule. Likasema nifute nilichoandika niandike kilichokuwa. Nikachukua kalamu, kalamu ikakunja mgongo. Ikasema saini yangu haiandiki tena, ilishaiandika ya uongo na bado inaona aibu. Basi daftari likanisogezea kidau cha wino wa muhuri.

"Weka dole."

"Nikiweka watanifukuza."

"Watakufukuza," likakubali.

Tope liko kidevuni mwa Subilaga. Mimi nasimama pale nawaza. Nawaza wanangu, nawaza cheti changu cha uuguzi, nawaza wenzangu watanionaje. Nimewaza muda mrefu mno, hata kuusema naona haya. Tope likapita midomo yake. Yakabaki macho, na macho yananitazama mimi.

Nikachovya dole gumba, nikalikandamiza kwenye ukurasa kwa nguvu zangu zote.

Redio ikakatika. Ukimya ukashuka, na haukutoka kwenye chupa, ulitoka kifuani mwangu. Dakika nzima sikuweza kuvuta pumzi. Nilihisi nimefungiwa ndani ya lile gari, gizani, nimekaa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa dakika moja ina urefu gani.

Nikaamka nahema. Kulikuwa kumekucha, na mke wangu Ambwene amesimama mlangoni na shati langu la sherehe amelipiga pasi. Akaniuliza kidole kimefanya nini.

Dole gumba langu la kushoto lilikuwa la bluu mpaka kwenye kiungo. Nyumbani kwetu hakuna muhuri, hakuna kidau, kalamu zenyewe ni za watoto. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa mafuta ya taa. Wino hautoki.

"Umeweka dole wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, tangu ile saa moja kamili, na nikalia mbele yake kama sijawahi. Ambwene akakaa kitandani na shati mapajani.

"Kabla ya kamati," akasema, "anza na mama yake."

Sasa ni saa mbili na nusu. Niko kwa mama yake Subilaga. Nimeshapiga hodi mara mbili, kidole nimekificha mfukoni, na nasikia ndara zake zinakuja mlangoni.