Kaburi kwenye Nguzo ya Sita

Mama alifariki mwezi wa nane. Siku mbili kabla, aliniita kitandani akaniagiza kwamba Sikukuu ya Watakatifu Wote ikifika nimpelekee baba maua meupe ya uani kwake, nimwambie na yeye amekuja upande huo. Nikaitikia. Akaniuliza kama rangi ya mwaka jana pale kaburini bado imeshika. Nikamwambia imeshika vizuri.

Nilikuwa namdanganya. Sikuwa nimefika kaburini kwa baba kwa miaka minne.

Kaburi liko mwisho wa njia ya pwani, Anse Sitronel, mahali walipozikwa wafanyakazi wa shamba la nazi la zamani. Misalaba ya wengine ilikuwa ya mbao, imeoza yote. La baba peke yake ni la saruji, na jina lake halikuchongwa. Liliandikwa kwa rangi nyeusi, na kwa kuwa jua na chumvi havina huruma, kila mwaka lazima liandikwe upya. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Kisha hoteli ikajengwa, ikaweka geti mwanzoni mwa njia na mlinzi mwenye daftari: jina, saa ya kuingia, sababu ya kuja. Mwaka ule wa kwanza nilisimama pale na ndoo yangu ya chokaa, nikasema siwezi kuandika sababu ya kumtembelea baba yangu mzazi. Nikageuka nikarudi. Maua niliyatupa baharini, nikakaa kanisani saa mbili nzima, nikarudi kumwambia mama kwamba kazi imekwisha. Miaka iliyofuata hata getini sikufika. Nilikwenda kanisani moja kwa moja.

Mwaka huu nilikwenda. Nilibeba chokaa, brashi mbili, kopo dogo la rangi nyeusi, mishumaa na maua. Mlinzi alikuwa Anselm, ambaye nilimfundisha katekisimu akiwa na meno ya utoto. Alinisalimia kwa adabu, akanisogezea daftari huku anaangalia pembeni.

"Na leo kuna jambo jingine, Bi Marivonn," akasema. "Asubuhi wenyeji wanapita na kundi la wageni tu. Mpaka saa tisa mchana."

"Mimi ni mwenyeji?"

"Ndiyo, Bi."

"Basi mwenyeji gani huyo anayesubiri kukaribishwa mpaka saa tisa?"

Akacheka kidogo, akasema sheria hakutunga yeye, angetunga yeye wangekuwa wameshaenda wote nyumbani kula. Nikaandika jina. Kwenye sababu nikaandika Baba.

Kiongozi wa kundi alikuwa Dervin, mtoto wa mdogo wangu wa kiume. Nilijua anafanya kazi hotelini, lakini nilidhani ni jikoni. Alikuwa amevaa shati lenye picha za majani na kofia pana. Aliponiona na ndoo yangu nyuma ya wageni kumi na wawili, uso ukamshuka. Akanijia upesi.

"Shangazi, leo siyo siku nzuri."

"Ni Watakatifu Wote, Dervin. Siku nzuri ni ipi?"

Akarudi mbele, akaanza kazi yake.

Ubao wa mwanzo wa njia ulisema: njia rahisi, dakika arobaini, inafaa watoto na wazee. Nilisimama pale nikausoma mara mbili. Rahisi. Majabali yale mawili baada ya kona ya kwanza, baba na wenzake waliyasukuma kwa mitaimbo siku tisa, ili wabeba magunia ya nazi kavu wapate pa kupita. Shamba lilipokufa na wenzake kuondoka, yeye aliendelea kuifyeka njia peke yake. Njia haizaliwi ikiwa rahisi. Sasa walikuwa wameweka ngazi za mbao, kamba ya kushikilia, na nguzo zenye namba. Wageni walipita na viatu vyeupe wakipiga picha kaa na mijusi. Mzee mmoja mwenye fimbo alinipisha kila mara kwa upole, akidhani mimi ni mfanyakazi.

Kiingereza nilichosoma shule kinanitosha. Kwenye nguzo ya tatu Dervin akawaambia kwamba zamani pwani hii ilikuwa ya haramia mmoja, Kapteni Gaspa Mlevi. Hakuna mtu wa jina hilo aliyepata kuishi hapa. Nikamwacha aseme. Watu wanatunga mambo kwa ajili ya wageni. Hilo si geni kisiwani kwetu.

Kwenye nguzo ya nne akasema siku moja Kapteni alilala ndani ya tanuri la kukaushia nazi, akaamka mweusi kama makaa, mkewe akamfukuza kwa ufagio akidhani ni mzuka. Wageni wakacheka. Mimi sikucheka, maana mke mwenye ufagio namjua. Nilimzika mwezi wa nane.

Kwenye nguzo ya tano akawasimamisha mbele ya ghuba ndogo, chini ya mtondoo mkubwa.

"Usiku mmoja," akasema, "Kapteni alipanda mashua kwenda ng'ambo, amelewa chakari. Akapiga makasia usiku kucha. Kulipokucha akamwona mwanamke ufukweni, akavua kofia, akamuuliza: samahani, bibi, hapa ni kisiwa gani? Alikuwa mkewe. Kamba hakuifungua. Mashua ilikuwa bado imefungwa kwenye mti huu."

Walicheka mpaka mama mmoja akajifuta macho. Dervin alikuwa anaieleza vizuri, na pale pa kofia alivua yake. Ndivyo mdogo wangu, baba yake, anavyoieleza. Ameieleza kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata kwenye mkesha wa baba mwenyewe, na kila mara watu wanashika mbavu. Na mimi nimewahi kucheka.

Nguzo ya sita ilikuwa kaburini.

Hakukuwa na jina. Saruji ilikuwa imegeuka rangi ya chai, inanata, na siafu wamejipanga kutoka kichwani mpaka miguuni. Juu yake walikuwa wamesimamisha ubao: Hapa amelala Kapteni Gaspa. Dervin alifungua mfuko, akatoa chupa ya ramu na vikombe vidogo vya mwanzi. Akawaeleza desturi: nusu unywe, nusu ummwagie Kapteni, uombe unachotaka. Hakuniangalia.

Wakaanza kumwaga. Mmoja baada ya mwingine, wanacheka, wanapiga picha. Harufu ya ramu ikapanda na joto la saruji. Baba yangu alikuwa na miaka kumi na tisa hajagusa pombe alipokufa. Hata keki ya Krismasi aliinusa kwanza.

Sikupiga kelele. Nilipita katikati yao, nikapiga magoti, nikaanza kusugua kwa brashi kavu. Siafu waliniuma mikono. Wageni walidhani ni sehemu ya mchezo. Mmoja akasogea anipige picha vizuri. Yule mama aliyejifuta macho akaninyooshea kikombe chake kwa ukarimu, nami nimwage.

Nikasema kwa Kikrioli, bila kugeuka, "Dervin, waambie huyu ni nani."

"Shangazi, tafadhali. Nusu saa tu. Wakienda kuogelea nakusaidia."

"Waambie."

"Watanifukuza kazi."

"Kama huwezi, nitasema mimi."

Akainamia mfuko wake. Basi nikasimama, nikawaambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba huyu si kapteni, huyu ni baba yangu, na alikuwa hanywi. Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Wawili wakacheka, wakidhani bado ni maigizo. Yule mzee mwenye fimbo akavua kofia, akakiweka kikombe chake chini, majanini, kando ya kaburi. Polepole wengine wakafanya hivyo. Dervin akawaambia ufukwe uko hapo mbele, maji ni mazuri, tutakutana baada ya nusu saa.

Walipoondoka alinigeukia akiwa na hasira zake pia.

"Umeniaibisha."

"Mimi?"

"Ulikuwa wapi, Shangazi? Nilipoanza kazi hapa, hili kaburi halikuwa na jina. Chokaa imebanduka, majani yamelifunika. Meneja akaniuliza ni la nani. Nikamwambia la babu. Akasema babu hauziki, nitafutie hadithi. Nikasema nitangoja Watakatifu Wote, shangazi atakuja kulipaka, nitakuwa na la kumwonyesha. Nikangoja. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na jibu la daftari na mlinzi, na lilikuwa kweli, lakini lilitosha mwaka mmoja tu.

"Kwa hiyo ukampa babu yako ramu," nikasema.

"Nilimpa hadithi alizonazo. Sijamwona, nimezaliwa kafa. Kwetu babu ni tanuri, ufagio na mashua. Nani aliniambia jingine? Wewe?"

Nikakaa kwenye jiwe.

"Hiyo mashua," nikamwambia. "Unajua alikuwa anaenda wapi?"

"Kulewa zaidi."

"Alikuwa anamfuata muuguzi. Tulikuwa na mdogo wetu, Zozef, miezi saba, homa imempanda mpaka macho yamegeuka. Barabara haikuwepo. Mama akamwambia baba nenda, akachukua mashua. Sisi tukangoja. Mimi nilikuwa na miaka minane, nilishika taa. Alfajiri mama akashuka ufukweni kuona kama wanakuja, akamkuta pale pale, kwenye kamba. Na kweli alivua kofia. Na kweli aliuliza hapa ni kisiwa gani. Mama alikuwa amembeba Zozef, mwili umeshapoa."

Dervin aliweka mfuko wake chini.

"Baba yako alikuwa na miaka mitatu. Yeye alikuja kuisikia kwa watu, na watu walikata mwisho wake. Mama hakuwahi kucheka. Hukuona kwamba hakuwahi kucheka?"

"Nilidhani hasikii vizuri," akasema.

Nikamwonyesha kwa kidole, mkono mmoja kutoka kwenye saruji, mahali palipokuwa na msalaba wa mbao wa Zozef. Vikombe vya wageni vilikuwa vimelala hapo hapo. Nikamwambia kwamba tangu siku ile baba hakunywa. Jumamosi, wanaume wakitoka kulipwa, yeye alishika panga akaja na njia hii, anafyeka, mpaka duka la pombe lifungwe, ndipo arudi. Kila Jumamosi, miaka kumi na tisa. Njia ilibaki wazi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya nazi.

Dervin akaokota vikombe, kimoja kimoja, akachukua ndoo yangu akashuka baharini na viatu vyake vya kazi. Alileta maji mara tano. Aliung'oa ubao wa Kapteni akauegemeza kwenye mti, bila kuuvunja, maana ni mali ya hoteli. Tulisugua bila kuongea. Sitasema tulipatana. Nilikuwa bado nimemkasirikia kiasi kwamba sikuweza kumtazama usoni, na kila nilipofikiria kumlaumu niliona miaka minne niliyokaa kanisani, nimekunja mikono, nikingoja saa zipite ili nikamdanganye mama.

Nilimpa baba ujumbe wa mama. Dervin alisogea pembeni.

Wageni waliporudi kutoka kuogelea, chokaa ilikuwa mbichi bado na mimi nilikuwa kwenye herufi ya nne ya jina. Walipita kimya, wameshika viatu mkononi. Yule mama wa kikombe akasimama, akamuuliza Dervin kwa sauti ya chini, basi ni nani.

"Babu yangu," Dervin akasema. "Gaetan Mondon."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Akanitazama. Alikuwa anaomba msaada, na mimi sikumsaidia. Nilichovya brashi.

"Aliitunza hii njia," akasema mwishowe. "Kuna mengine siyajui sawasawa. Nitamuuliza shangazi yangu, kama bado ataongea na mimi."

Nikamalizia herufi, nikaanza nyingine.