Samaki Mmoja Mmoja

Bosi wetu Graeme ana amri moja tu hapa ofisini kwetu mjini Nelson: ukisaka kosa la programu, usiguse msimbo, yale maandishi yanayoiendesha. Hata nukta. Tangu aitoe, yeye mwenyewe hajasaka kosa lolote, anasaka vikao.

Programu yetu, inayokaa kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux, hupima samaki wa kufugwa kwa kamera. Mahali fulani ikawa inatoa samaki mwenye uzito chini ya sifuri. Kazi ya kumtafuta akapewa Mereana, aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Akaambiwa ikifika Ijumaa saa sita mchana hajampata, ndiyo basi tena.

Akatii amri. Akaitumia dibaga, ile programu ya kuchungulia nyingine inapokimbia, akaiagiza isimamishe kazi uzito ukishuka chini ya sifuri. Loo! Dibaga ikawa inasimamisha kazi kwa kila samaki, inamkagua kama uzito wake uko chini ya sifuri, inamwachia, inamshika mwingine. Na samaki ni milioni tisa! Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi mashine ilijikokota tu, huku Graeme akipitapita na pai yake ya nyama.

"Vipi dada, bado? Vijana wa siku hizi mikono mizito kweli!"

"Si mikono, bosi, ni dibaga. Inasimama kwa kila samaki."

"Basi tutaagiza kompyuta kubwa." Akang'ata pai.

Ijumaa saa tano Mereana akachoka kutii. Akaandika mistari miwili ndani ya msimbo wenyewe: uzito ukiwa chini ya sifuri, jisimamishe. Akaijenga programu upya, akaiendesha, sasa ikijikagua yenyewe bila kusimamishwa. Sekunde sita tu, samaki huyo hapo! Saa sita haijafika, kosa limesharekebishwa.

Graeme akaja mbio. "Nani kakuruhusu kugusa msimbo?"

"Kosa limepatikana, bosi."

"Nimeuliza, nani kakuruhusu!"

Jioni Mereana akapewa barua ya kuachishwa kazi: hafuati utaratibu.

Nilimsaidia kubeba vitu vyake hadi kwenye gari, huku nikimteta Graeme, kichwa maji yule, hajui kitu. Mereana hakucheka.

"Kaka Callum, una miaka minane hapa. Ile mistari miwili ulikuwa huijui?"

"Naijua. Huwa tunaiweka, halafu tunaifuta kabla hajaona."

"Mnaiweka akina nani?"

"Sote."

Akanitazama. "Na wiki nzima umekaa meza ya pili, unanitazama tu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.