Kitufe cha Hodi

Mwaka mzima mama alikuwa kwa mwanawe, ghorofa ya nne, akisemeshwa kama mtoto aliyetoka homa. Tangu ateguke nyonga kisimani kwake shamba, wimbo wa mwanawe ulikuwa mmoja tu: "Kurudi kukaa peke yako? Haiwezekani, mama. Utafia kule."

Jumamosi moja asubuhi uzalendo ukamshinda. "Basi nipe mtihani," akasema.

Mwana, fundi wa kompyuta na mpenzi wa magemu, akacheka, akawasha analolipenda kuliko yote: mtu mmoja mashambani, kibanda, jembe, na pembeni ya kioo mstari mwekundu wa njaa, ambao ukiisha mtu amekufa. "Ukifika mavuno u hai, nakurudisha mwenyewe. Ukifa, unabaki hapa na maneno yaishe."

Mama akakubali. Tena upesi!

Mwanzoni mtu wake alijigonga ukutani kama nzi kwenye dirisha. Lakini kulima ni kulima. Kufika adhuhuri ameshapalilia, ameteka maji, na uzio umesimama wima. Mwana akaacha kucheka. Ndipo ukame ukaingia, mahindi yakakauka, mstari ukaanza kushuka. Ng'ambo ya kijito palikuwa na nyumba inafuka moshi.

"Nenda pale, kuna unga," mwana akamhimiza.

Mama akamfikisha mtu wake mlangoni, akamsimamisha. "Kitufe cha hodi ni kipi?"

"Hakuna. Vunja mlango, beba, kimbia. Mwenyewe akitokea, mpige."

"Nimpige jirani?"

"Mama, ni gemu!"

"Nimesikia." Akaiweka rimoti mapajani, akakunja mikono. Mwana alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Wapi! Mtu wa watu akasimama pale mlangoni mpaka mstari ukaisha, akaanguka chali.

"Umekufa," mwana akasema, kifua mbele. "Umekufa kwa ukaidi. Maneno yameisha."

"Hayajaisha. Huyo kauawa na aliyemtengeneza, kampa jembe akamnyima jirani wa kumpigia hodi. Mimi nilipoanguka kisimani, nani alinibeba mgongoni? Nani alinikanda nyonga asubuhi na jioni? Wewe ulipiga simu, mwanangu, Mungu akubariki, lakini simu haibebi mtu."

"Tulikubaliana, mama."

"Tulikubaliana, nimeshindwa, na nakwenda. Niite kigeugeu. Marehemu baba yako aliniita mabaya zaidi, na bado alikula chakula changu."

Mwana akataka kucheka, hasira ikamzuia. "Na ukianguka tena?"

"Na nikianguka humu bafuni, wewe uko kazini? Nani atanisikia?" Mama akasimama, mkono kwenye nyonga, akauonyesha mlango. "Hebu niambie, hapo mlango wa pili anakaa nani?"

Mwana akafungua kinywa. Miaka sita amepanga hapo, na ukuta ni mmoja. Akautazama mlango, akamtazama mama yake.

Mama akaenda kufunga mzigo.