Homa ya Siku ya Barlow

Ugonjwa wa Royce Tidmore ulianza Ijumaa jioni, mara tu mama yake alipotoa pai ya mwisho kwenye oveni. Alikuwa ameupanga tangu mwanzo wa wiki. Alikohoa, akajishika kiuno, akasema kichwa kinamgonga na viungo vyote vinamuuma. Mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, fundi wa mabasi ya shule, mwenye mikono ya kunyanyulia injini, alisimama mlangoni pa jikoni amejikunyata kama mtoto anayekwepa shule.

"Homa?" aliuliza Bi Vonceil. "Leo?"

"Nadhani ni mafua makali, Mama. Yamezagaa pale karakana."

Bi Vonceil alipapasa meza kwa mkono mmoja, akaiweka pai pale palipokuwa na nafasi. Macho yake yalikuwa yanakwisha taratibu. Katikati aliona doa jeusi, pembeni bado palikuwa na uhai kidogo, kwa hiyo ili akuone vizuri ilimbidi atazame kando yako. Daktari hakumficha: mwaka ujao wakati kama huu atakuwa anabaini mwanga na vivuli tu. Ndiyo maana mwaka huu aliomba jambo moja. Apelekwe uwanjani siku Nyumbu, timu ya chuo cha Wexley, watakapocheza mpira wa Kimarekani na mahasimu wao, Mbweha wa Barlow. "Mechi nyingine hata usinisumbue," alisema. "Hiyo moja. Niyaone yale majani, na rangi yetu ikijaa pande zote. Baada ya hapo hata kukiwa giza, shauri yake."

Sasa alisimama akifuta mikono kwenye aproni. Pai sita za njugu za pekani zilikuwa zimepangwa mezani, kwa ajili ya watu wa safu yao ya viti uwanjani, kama alivyowapikia kila mwaka.

"Basi wape watu tiketi zisiharibike," alisema. "Mpe mtoto wa mchungaji."

"Nitampigia."

"Ziko wapi?"

"Ziko kwenye simu, Mama. Siku hizi hazichapishwi."

"Kwenye simu," alirudia Bi Vonceil, kama mtu aliyeambiwa kwamba chakula cha jioni kiko hewani. Zamani tiketi zilikuja za karatasi nene zenye picha, naye alizihifadhi ndani ya Biblia na kuzitoa kila wiki kuzikagua. Za kwenye simu hazishikiki. Zikiondoka, huwezi kujua zimeondoka.

Na kweli zilishaondoka.

Vile viti viwili vilikuwa vya marehemu baba yake, Truett Tidmore, mwashi aliyelimwaga zege la jukwaa lile la mashariki yeye na wenzake, kisha akanunua nafasi ya kulikalia. Enzi hizo mtu wa mshahara wa wiki alimpeleka mkewe mpirani, akamnunulia soseji na soda, na bado akarudi na chenji. Halafu wakubwa wa chuo wakazinduka. Kwanza wakapandisha tiketi. Wakapandisha kuegesha gari, mpaka watu wakawa wanachomea nyama zao kwenye viwanja vya makanisa mbali huko na kutembea kwa miguu. Maji ya chupa yakawa ghali kuliko petroli. Kisha wakabuni kitu kinaitwa mchango: kabla hujaruhusiwa hata kununua tiketi yako, unakichangia chuo, tena kwa hiari. Usipokuwa na hiari, kiti chako anapewa mwenye hiari zaidi. Mwaka huu mchango ulipanda maradufu kwa mkupuo mmoja, na Royce akaambiwa wazi kwamba asipolipa kabla ya Krismasi, safu yake itawekwa viti vya ngozi na watu wa kuleta vinywaji.

Akafanya kile ambacho nusu ya mji ule walikifanya na hakuna aliyekikiri. Aliuza mechi moja ili aokoe nyingine zote. Na mechi yenye bei ilikuwa moja tu. Hizo nyingine ungegawa bure ungeonekana unasumbua watu. Aliziweka sokoni kwenye simu saa ya chakula cha mchana, huku moyoni akiomba zisinunuliwe. Hajamaliza mkate wake, zimekwenda. Ule mchango wote ulilipika. Alifurahi kidogo, kisha mkate ukamshinda, akautupa.

Mjini pale watu walisamehe ulevi na waliyasamehe mambo ya talaka, na Royce mwenyewe alishasamehewa yote mawili. Lakini kuuza mechi ya Barlow ilikuwa habari nyingine. Kila mtu alijua siku hiyo wanunuzi ni kina nani: ni mashabiki wa Barlow, watu wa rangi ya chungwa, wanaokuja kukaa katikati yenu na kuwacheka mkifungwa.

Angeweza kumwambia mama yake. Kila jioni alikaa naye mezani akiwa na maneno mdomoni, na kila jioni aliyameza pamoja na maharage. Hakuogopa ugomvi. Aliogopa jibu, maana alilijua: "Achana na viti, mwanangu. Nipeleke hiyo siku moja, halafu wakavitie ngozi wanavyotaka." Naye hakuwa tayari kuviachia viti vya baba yake. Hapo ndipo kosa lake lilipokaa, na alilijua lilivyo. Alipima viti na macho ya mama yake, akachagua viti.

Jumamosi ilipambazuka na jua zuri la vuli, kana kwamba linamkomoa. Bi Vonceil alimtengenezea kochi sebuleni, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, akamletea supu ya kuku aliyoipika mwenyewe kwa kupapasa. Alijiunguza kidole kidogo akiipika. Royce alikiona kile kidole chekundu kwenye ukingo wa bakuli, akakirudisha kijiko.

"Kunywa yote," alisema mama yake, akimwekea kiganja kwenye paji la uso. "Mbona huna joto?"

"Limeshuka, Mama. Ni ile dawa."

"Na mtoto wa mchungaji?"

"Hakupokea simu."

"Kwa hiyo viti vitakaa vitupu siku ya Barlow." Alitikisa kichwa. "Truett atageuka kaburini. Ozella naye atafikiri nimekufa."

Bi Ozella Pettway alikuwa jirani yao wa safu, mjane kama yeye, mwenye kofia pana ya rangi ya damu ya mzee, rangi yao ya Wexley. Walijuana kwa kukaa bega kwa bega miaka nenda rudi, hawakuwahi kualikana nyumbani, na walipendana kuliko ndugu. Wao wawili ndio waliobaki wakiutunza mnyororo wa mikono. Mwaka fulani Nyumbu walikuwa wanatandikwa vibaya na Barlow. Robo ya mwisho ilipoanza Truett akasimama, akamshika mkewe mkono, akaiambia safu nzima ishikane, na Nyumbu wakageuza kibao wakashinda. Tangu siku hiyo, mvua inyeshe jua liwake, robo ya mwisho ikianza safu ile husimama na kushikana mikono, mpaka mpira uanze kuchezwa. Bi Vonceil alisimama katikati: mkono wa kulia kwa Truett, na baada ya Truett kwa Royce, mkono wa kushoto kwa Ozella.

Mechi ilipoanza, Bi Vonceil alikaa wima kwenye kiti chake karibu na televisheni, amevaa sweta lake la uwanjani na shanga zake, kama aliyekuwa anasubiri kufunguliwa mlango wa gari. Royce alimsimulia. Nani ana mpira, nani kaangushwa, wamesogea mpaka wapi. Alisimulia vizuri kuliko mtangazaji, maana alikuwa analipa kosa lake.

Katika robo ya tatu Mbweha wakapata bao, na kamera ikaanza kutafuta watu wao waliokaa katikati ya wenyeji. Ikashuka upande wa mashariki. Royce aliiona ikija akatamani umeme ukatike. Vijana wawili, nyuso zimepakwa rangi ya chungwa, walikuwa wanaruka na kupiga kelele, na mmoja wao alikuwa amepanda na mabuti juu ya kiti cha Truett Tidmore. Kando yao alikaa Bi Ozella na kofia yake. Alikuwa ameukumbatia mkoba magotini, hatazami mpira, anatazama ngazi, kama mtu anayesubiri wageni waliochelewa.

"Ni wapi hapo?" aliuliza Bi Vonceil.

"Kona ya wageni, Mama."

"Upande wetu hawajauonyesha?"

"Wameuonyesha kidogo."

"Ozella yupo?"

"Yupo. Na kofia yake."

"Na viti vyetu?"

Royce alilivuta blanketi. "Vitupu. Ametandika koti lake juu ya viti vyote viwili."

Bi Vonceil alicheka kidogo, akatoa leso kwenye mkono wa sweta, akajifuta macho. "Ozella huyo," alisema. "Anatulindia." Royce akarudi kusimulia mchezo.

Simu ya ukutani ikalia. Royce alihangaika kujinasua kwenye blanketi, lakini mama yake hakuhitaji macho kuifikia simu iliyokuwa pale tangu siku anaolewa. Sauti ya Bi Ozella, ikishindana na kelele za uwanja mzima, ilisikika mpaka kwenye kochi.

"Vonceil! Uko hai wewe?"

"Niko hai, mwenzangu. Royce ndiye anaumwa."

"Pole yake. Sasa nieleze, hawa ndezi wawili waliokaa kwenye viti vyenu ni kina nani? Machungwa kuanzia utosini! Wananiambia wamenunua. Nikawaambia, waongo wakubwa nyie, kina Tidmore hawauzi! Wauze wote, siyo hao. Nimemwita mlinzi, yuko hapa ananisikiliza. Nataka watolewe mmoja baada ya mwingine. Mwambie, Vonceil. Mwambie zimeibwa."

Bi Vonceil aligeuza uso. Alimtazama mwanawe namna yake, macho yakiwa kando kidogo ya bega lake, na akakaa hivyo. Royce alishusha macho kwenye blanketi.

"Hazikuibwa," alisema Bi Vonceil kwenye simu. "Waache wakae. Nimeziuza mimi."

"Wewe!"

"Mimi mwenyewe. Mambo yamepanda, Ozella. Unajua yalivyopanda."

Bi Ozella akasema, polepole, kwa sauti iliyoumia, "Kwa Mbweha, Vonceil?"

"Kwa Mbweha."

"Mimi nimewatukana watoto wa watu hapa kwa ajili yako. Na robo ya mwisho nitamshika nani mkono?"

"Washike hao hao. Na umwambie huyo mmoja ashuke kwenye kiti cha Truett."

Akakata simu. Royce alihisi baridi imemshuka mgongoni, na safari hii haikuwa ya kuigiza.

"Mama, umejuaje kama amepanda..."

"Macho yangu ni mabovu, Royce. Lakini chungwa katikati ya damu ya mzee naliona, na nililiona likirukaruka juu kuliko watu wote. Na kando yake ile kofia." Alirudi taratibu, mkono ukifuata ukuta. "Nilikuuliza ili uniambie. Ukaniletea koti."

"Nisamehe, Mama."

"Huna homa."

"Sina."

"Kidole changu nimekiunguza bure."

Royce alianza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima asiyekizoea, blanketi likiwa bado mabegani. Alieleza yote kwa mkupuo, mchango, Krismasi, viti vya ngozi, zege la baba. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na hela zimetosha?" aliuliza.

"Zimetosha. Viti ni vyetu mwaka mwingine mzima."

"Vyetu." Alilitafakari lile neno. "Na mwaka huo mwingine nitaona nini, mwanangu?"

Hakulisema kwa hasira. Angekasirika, Royce angepata pa kushika. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua. Kwenye televisheni filimbi ililia. Robo ya tatu ilikuwa imekwisha, na watu wa jukwaa la mashariki walikuwa wameanza kuinuka.

"Simama," alisema Bi Vonceil.

Alisimama. Blanketi likaanguka. Mama yake alikuja upande wake, akampa mkono wa kulia, ule wenye kidole kilichoungua, na Royce akaupokea kwa uangalifu.

"Ozella wanamwonyesha? Ameshika nani?"

Royce alitazama. Kamera ilikuwa juu kabisa, uwanja mzima umekuwa rangi moja, watu wadogo kama punje. Uongo ulimjia haraka, mzuri, tayari umepikwa. Akauacha.

"Hawamwonyeshi, Mama. Sijui."

Bi Vonceil aliitikia kwa kichwa. Aliunyoosha mkono wa kushoto, upande ambao Ozella husimama, kiganja kikiwa wazi juu ya kiti chake mwenyewe kitupu. Haukuwa na wa kuushika, lakini hakuushusha. Royce, ambaye kwa desturi yao hakuruhusiwa kuachia, alibaki ameshikilia wa kulia akiutazama ule mwingine, mpaka mpira ulipoanza kuchezwa tena.