Kuanzia Siku Aliyoondoka

Bosibori alichoka hata kabla hajaimaliza ngazi. Ofisi ya wakili pale Ogembo iko juu ya duka la mbolea, ngazi zenyewe hazifiki ishirini, lakini alikuwa amechuma chai tangu alfajiri, na ukiwa na miaka arobaini na mitatu magoti nayo huanza kutoa maoni. Odoyo, karani wa wakili, mtu wa kutoka kule ziwani, alimpa kiti.

"Nimekuja kuuliza tu," alisema Bosibori. "Bwanangu alipotea. Naambiwa akimaliza miaka saba bila kusikika, korti inaweza kumhesabu marehemu. Nimebakisha mwaka mmoja. Nitayarishe nini?"

"Alitoka lini?"

"Amekosa makambi sita."

Odoyo akaweka kalamu chini. Kwa Wasabato wa huko, makambi ni ile wiki ya Agosti ya kusali pamoja na kula pamoja, na kijijini watu huiamini kuliko kalenda ya ukutani. Ng'ombe alinunuliwa makambi ya mvua kubwa, fulani aliolewa makambi mawili baadaye, na kila mtu anaelewa.

"Mama, mwaka wa korona mlifanya makambi?"

Bosibori alihesabu upya kwa vidole. Hawakufanya. Makanisa yalifungwa, kila mtu akasali kwake. Mwaka mzima aliuruka hivihivi, akajiongezea kifungo kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi huenda hiyo saba iliisha zamani," Odoyo alisema kwa upole. "Lakini korti haijui makambi. Inataka tarehe mbili: siku aliyosikika mara ya mwisho, na siku tunayopeleka karatasi. Miaka, miezi, siku. Niletee hiyo tarehe ya kwanza."

Jambo lenyewe halikuwa na siri. Joash, fundi seremala wa Kenyenya aliyefiwa na mke, alikuwa amemposa Bosibori mara mbili. Mchungaji alisema hafungishi ndoa ya mke wa mtu bila karatasi ya korti, na alisema kweli. Joash naye alisema atangoja mpaka Desemba, zaidi ya hapo hawezi, na huyo pia huwezi kumlaumu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo ya Bosibori yalikuwa yameumia vya kutosha.

Tarehe hakuikumbuka, ila aliikumbuka Sabato. Mose, mumewe, ndiye aliyefundisha somo la kumi kanisani, akafundisha vizuri sana, watu wakamsifu. Kesho yake, Jumapili, akabeba mkoba akasema anaenda Kisii mjini kununua msumeno. Huo msumeno, wallahi, lazima ulikuwa wa dhahabu.

Nyakerario, mamake Mose, aliyebaki na Bosibori nyumbani, hakuwahi kutupa lesoni hata moja. Kila robo mwaka kanisa hutoa kijitabu cha masomo ya Sabato, kumi na matatu kwa kawaida, kila somo na tarehe yake, na mama huyo alivipanga vyote ndani ya katoni chini ya kitanda. Jioni hiyo ya Jumatatu, Bosibori aliporudi kutoka Ogembo, mkwewe alikuwa bado kwa jirani. Bosibori aliivuta katoni, akaketi sakafuni.

Makambi saba nyuma, ukiweka na yale ya korona, na Mose aliondoka mwanzoni mwa mwaka: kijitabu cha mwanzo wa 2018 alikipata upesi. Somo la kumi lilikuwa Sabato ya tarehe kumi Machi. Basi Mose aliondoka tarehe kumi na moja. Angerudisha katoni hapo, angelala usingizi mzuri. Lakini makambi yalikuwa yamemwaibisha mbele ya karani, akataka kuhakikisha kwa kuhesabu vijitabu kimoja kimoja, vinne kila mwaka.

Kwenye cha tatu mkono ukasimama. Nyakerario alikuwa na tabia ya kuandika habari za nyumbani pembeni mwa ukurasa, ng'ombe kazaa, mvua ya mawe imeharibu chai. Hapo, kwa kalamu ya risasi, Julai 2018: *Mose amepiga simu. Yu mzima. Nisiseme.*

Aliendelea kuhesabu, ila sasa hakuwa akihesabu vijitabu. 2019: *Mose amepiga.* 2020, mwaka usio na makambi: *Mose amepata mvulana huko Tarime.* 2022: *Mose, msichana.* Habari kama hizo zilikuwa kumi na saba kwa jumla. Ya mwisho ilikuwa kwenye lesoni ya robo hii, pembeni mwa somo la Sabato ya juzi: *Amepiga Alhamisi.*

Siku nne. Kutoka miaka saba mpaka siku nne. Ukihesabu saba upya kuanzia Alhamisi, Bosibori angemaliza akiwa na miaka hamsini, kama Mose asingechukua simu tena kumsalimu mamake.

Nyakerario alipoingia, aliona katoni akakaa kitandani bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Alisema nikikuambia hatapiga tena," alisema. "Ningefanyaje, Bosibori?"

"Ulikuwa ukiniona nikimuombea."

"Nilikuona."

"Kila jioni, mama. Unasema amina."

Bosibori alikasirika, alikasirika sana, halafu hasira ikamwishia kwa sababu hasira nayo inataka mtu aliyekula akashiba. "Jumatano tunaenda Ogembo," alisema. "Mimi na wewe. Utabeba hizi lesoni."

Jumatano, tarehe kumi na sita Julai, walikaa wote wawili mbele ya Odoyo. Karani alivisoma vijitabu, cha kwanza mpaka cha mwisho, akakuna shingo.

"Marehemu hatumpati hapa," alisema. "Lakini mume aliyekutoroka, sheria inataka miaka mitatu tu, ndipo uombe talaka. Tunahesabu tangu siku aliyokuacha. Kumpigia mamake simu si kukurudia wewe. Na shahidi umemleta." Akamtazama Nyakerario. "Mama, utaapa kwamba yuko hai na aliondoka kwa hiari yake?"

"Nitaapa," Nyakerario alisema kwa sauti ndogo.

"Miaka mitatu," Bosibori alirudia. Ilimchukua muda kuielewa. "Iliisha lini?"

"Machi kumi na moja, 2021."

"Kutoka hapo mpaka leo ni muda gani?"

Odoyo aliandika tarehe moja chini ya nyingine, akatoa siku, akatoa miezi, akatoa miaka, kama wanavyofundishwa shuleni. "Miaka minne, miezi minne, siku tano."

Januari ya mwaka huo nesi alikuwa amemwambia Bosibori habari za kupata mtoto aziache. Alimgeukia mkwewe, na hakupandisha sauti.

"Nilikuwa na thelathini na tisa, mama. Ningejua, ningezaa."

Nyakerario alikuwa anakunja pindo la leso yake, analikunjua, analikunja tena. "Nilikuwa na huyo mtoto mmoja tu," alisema.

"Mimi sina hata mmoja," Bosibori alisema, akavuta karatasi ya kuomba talaka akatia sahihi.